Barazani kwa Wenyewe: Matembezi ya Usiku Katika Mji Mkongwe wa Chiang Mai



Tangu turejee Mombasa kutoka Thailand, jamaa na majirani wametuuliza maswali mengi, lakini moja limejirudia kuliko yote. Si bei ya tikiti wala hali ya hewa. Swali ni hili: nyinyi watu wa swala tano, wenye watoto wanaokwenda madrasa, mlikwenda kutafuta nini usiku katika mahekalu ya Wabuddha? Wengine wameuliza kwa mzaha, wengine kwa uchungu wa kweli. Ni swali la haki. Na kwa kuwa wengi katika jamii yetu siku hizi husafiri kwa biashara, masomo na matibabu hadi miji ambayo adhana haisikiki kila mtaa, tumeona ni bora kulijibu kwa maandishi kuliko kulijibu nusu nusu mlangoni.

Asili ya safari ilikuwa biashara. Bangkok ni mojawapo ya masoko makubwa ya vito duniani, na mmoja wetu hupeleka huko vito vya kijani vichimbwavyo upande wa Taita. Watoto walikuwa katika likizo ya Disemba, tukaamua tufuatane sote. Shughuli zilipokwisha tulipanda gari moshi la usiku kuelekea kaskazini, hadi Chiang Mai, mji ambao tulikuwa tumesikia una mtaa wa Waislamu wa tangu zamani.

Chiang Mai iliasisiwa mwaka 1296 na Mfalme Mangrai, akaifanya makao makuu ya ufalme wa Lanna. Mji mkongwe umekaa mraba, kila upande kiasi cha kilomita moja na nusu, na umezungukwa na handaki la maji ambalo lipo mpaka leo pamoja na vipande vya ukuta na malango yake. Ndani ya mraba huo mahekalu ni mengi mno. Mtu hatembei dakika tano ila atapita lango la hekalu, kama vile kwetu Mji wa Kale mtu hapiti vichochoro vitatu bila kukutana na msikiti. Matembezi ya jioni yamekuwa desturi kwa sababu mbili: jua huwa limepoa, na taa huwashwa nyuani, minara ikaonekana vizuri zaidi kuliko mchana. Wageni hukusanyika katika lango la mashariki liitwalo Tha Phae, kisha hufuata mwelekezi kwa miguu kwa muda wa saa mbili au zaidi.

Sisi tulifika langoni tukitoka msikitini. Nje ya mraba, karibu na soko la usiku, uko msikiti wa Ban Ho, wa Waislamu wenye asili ya jimbo la Yunnan nchini China. Mababu zao walikuwa watu wa misafara ya nyumbu, wakivuka milima baina ya Yunnan, Burma na Siam kama wazee wetu walivyovuka bahari kwa majahazi. Baada ya uasi wa Waislamu wa Yunnan uliodumu tangu 1856 hadi 1873 kuzimwa na dola ya China, wengi walikimbilia kusini. Leo kando ya msikiti wao kuna mikahawa ya halali, na kila Ijumaa asubuhi huwa na soko. Huko tulikula khao soi, tambi zilizopikwa kwa tui la nazi na bizari, chakula ambacho wengi mjini hukinasibisha na Waislamu hao. Watoto walisema ni kama kula kwa bibi.

Baada ya Magharibi mzee mmoja wa msikiti, aliyejua Kiarabu, alituuliza twaelekea wapi. Tulipomweleza hakushangaa wala hakukunja uso. Alisema: "Tuko hapa kwa vizazi. Hatukuacha swala, na hatukuacha ujirani." Kisha akatuonyesha njia ya mkato.

Sharti tueleze kwamba hatukukurupuka. Kabla ya kuondoka Mombasa tulimwendea shekhe wetu, naye hakutupa jibu la mkato. Alitukumbusha kwamba wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu kuingia nyumba za ibada za wasiokuwa Waislamu: wako waliojuzisha kwa masharti, wako waliochukia, na wako waliokataza pale penye sanamu. Katika Sahihi ya Imam Bukhari mna mlango juu ya swala katika makanisa, ambamo imepokewa kwamba Sayyidna Umar alijizuia kuingia kwa sababu ya sanamu, na kwamba Ibn Abbas, Allah awaridhie wote, aliswali kanisani ila lile lililokuwa na sanamu. Shekhe akatuwekea mipaka mitatu. Tusishiriki ibada yao kwa kauli wala kwa kitendo. Tusihudhurie sikukuu zao za ibada. Na tusiwakejeli, kwani Suratul An'am imekataza kuvitukana vile ambavyo watu huviabudu. Sisi tukaongeza mpaka wa nne kwa ajili ya watoto, ambao mmoja ana miaka 12 na mwingine 9: katika nyua tutaingia, lakini kumbi za sanamu tutazitazama kutoka barazani.

Mwelekezi wetu alikuwa kijana wa mji huo huo, ambaye utotoni aliwahi kunyolewa na kuvishwa joho la njano akaishi hekaluni kama mwanafunzi, jambo ambalo familia nyingi za Kithai huwafanyia wana wao kwa miezi au miaka. Tulimweleza mapema: sisi ni Waislamu, tutasimama nje, na tusipofanya jambo fulani asidhani ni dharau. Alishukuru. Alisema mgeni amtiaye wasiwasi si yule anayesema mapema asilotaka kufanya, bali yule anayefanya kila kitu kwa ajili ya picha.

Kisha akatutajia kanuni. Mabega na magoti yafunikwe. Viatu vivuliwe kabla ya kupanda ukumbini au barazani. Kizingiti kirukwe, kisikanyagwe. Ukikaa, kunja miguu, nyayo zisielekezwe kwenye sanamu wala kwa mtu. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkono kwa mkono. Watawa wasipigwe picha wakiwa katika dua. Wageni wenzetu walikuwa wakihangaika kutafuta shali za kuazima. Mama na binti walikuwa wamekwisha kujisitiri tangu nyumbani. Mwelekezi akawageukia wengine akasema kwa tabasamu kwamba familia hii haina la kurekebisha. Binti yetu, ambaye uwanja wa ndege alikuwa ameangaliwa sana kwa sababu ya mtandio wake, alitembea usiku ule kwa raha.

Kituo cha kwanza kilikuwa Wat Phan Tao, hekalu dogo ambalo ukumbi wake wote ni mti wa msaji uliopigwa rangi nyeusi na dhahabu. Katika karne ya 19 ulikuwa jumba la mtawala, kisha ukabadilishwa kuwa hekalu. Juu ya mlango kumechongwa tausi aliyesimama juu ya mbwa aliyelala. Sisi watu wa milango ya nakshi tulisimama pale muda mrefu. Mkono wa fundi wa mbao hautambulishi dini kabla ya kutambulisha kazi.

Ni hapo, tulipokuwa tukivua viatu ili tupande barazani, mwanetu wa miaka 12 alipotuvuta kando akanong'ona: "Baba, Nabii Ibrahim alizivunja sanamu. Mbona sisi twazivulia viatu?"

Wazazi wenzetu mtajua kwamba swali kama hilo haliahirishwi. Tulimjibu pale pale kwa ufupi: viatu hatukuzivulia sanamu, tumemvulia mwenye nyumba, kama mgeni avuavyo viatu mlangoni kwetu bila ya kuwa mwana wa nyumba yetu. Jibu refu tulimpa usiku huo hotelini, baada ya Isha, na tunaliandika hapa kwa kuwa huenda mtoto mwingine akauliza.

Nabii Ibrahim, alayhi ssalaam, alisema na watu wake mwenyewe, katika mji wake, na alianza na babake, kwa hoja na upole, kabla hajainua shoka. Na Mtume wetu Muhammad, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliishi Makka miaka 13 baada ya kupewa utume hali sanamu zimeizunguka Al-Kaaba. Mwaka wa saba wa Hijra alirudi na maswahaba kwa umra, kwa mujibu wa mkataba wa Hudaybiya. Siku tatu walikuwa Makka, wakatufu, na sanamu bado zipo. Hakuna aliyezigusa, kwa sababu neno lilikuwa limetolewa. Zilikuja kuondolewa mwaka uliofuata, mji ulipokuwa mkononi mwake. Sisi tuliingia Thailand kwa ruhusa iliyogongwa katika pasipoti. Mafaqihi wameiita ruhusa ya namna hiyo amani, nao wamesema kwamba Muislamu aliyeingia nchi ya watu kwa amani haruhusiwi kuwafanyia khiyana. Tauhidi imo kifuani mwako, tulimwambia, na hakuna aliyekutaka uitoe. Mikono yako nayo imefungwa na ahadi. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hivyo Mtume alitufu na huku anaziona?" Tukamwambia ndiyo, alitufu na huku anaziona. Alilala akiwaza hilo, nasi hatukutaka azungumze zaidi.

Jirani na hekalu hilo la msaji uko mnara mkubwa wa Wat Chedi Luang. Ujenzi wake ulianzishwa mwishoni mwa karne ya 14 na Mfalme Saen Muang Ma ili kuhifadhi majivu ya babake, ukakamilishwa katikati ya karne ya 15 zama za Mfalme Tilokarat. Inasemekana ulizidi mita 80. Humo iliwahi kuwekwa ile sanamu mashuhuri iitwayo ya zumaridi, ambayo leo iko Bangkok. Mfanyabiashara wa vito miongoni mwetu hakukosa kuwaeleza watoto kwamba si zumaridi hasa, bali ni jiwe jingine la kijani. Mwaka 1545 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu yote ya juu. Katika miaka ya 1990 mnara ulikarabatiwa kwa msaada wa UNESCO na serikali ya Japani, lakini kilele hakikujengwa tena, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa yakini kilivyokuwa. Usiku taa huangaza matofali kutoka chini, na pale palipovunjika giza huanza ghafla.

Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Mara nyingi tumeisikia aya hiyo tukiwa tumekaa mkekani. Chini ya mnara ule tuliisikia tukiwa tumesimama. Mwelekezi alitusimulia kwamba mji wenyewe uliwahi kufa. Waburma waliutwaa mwaka 1558 wakautawala zaidi ya miaka 200, na baada ya vita vya kuwatoa ulihamwa kwa takriban miaka 20, ukaota msitu. Mtawala aitwaye Kawila ndiye aliyeingia tena rasmi mwaka 1796, akaujaza watu, wengine wakiletwa kwa nguvu kutoka miji mingine. Tulikumbuka Gede, ambako msikiti mkuu umebaki kuta na visima, na mibuyu imekaa mahali pa maamuma. Mji wa mawe hauishi kwa mawe. Chiang Mai ilirudi kwa sababu watu walirudishwa ndani yake. Gede hakurudi mtu.

Katika uwanja huo huo kuna kijumba kinachohifadhi nguzo ya mji, waiitayo Inthakhin, na mlangoni pana bango linalowakataza wanawake kuingia. Mama mmoja mgeni katika kundi letu alikasirika, akamtaka mwelekezi aeleze ni haki gani hiyo. Kijana hakutetea wala hakuomba radhi kwa mzunguko. Alisema: "Hiyo ni kanuni ya watu wa hapa. Dada yangu hapendezwi nayo. Mama yangu aiheshimu. Mimi kazi yangu ni kuwaambia kwamba ipo." Tulijifunza kwa jibu hilo. Ni mara ngapi mgeni amesimama mlangoni mwa msikiti wetu akauliza swali kama hilo, na sisi tukamjibu kwa ukali, au tukaona haya tukasema lisilokuwapo?

Mtihani wenyewe ulikuja baadaye, katika ukumbi wa hekalu hilo. Mtawa mzee alikuwa amekaa karibu na mlango akiwafunga wageni uzi mweupe mkononi na kuwanyunyizia maji huku akisoma. Wageni walipiga foleni. Alitutazama tukiwa barazani, akainua uzi kutualika. Huo haukuwa mpaka wa kufikiriwa: uzi uliosomewa ili uleteukinga ni jambo ambalo mafundisho yetu yameziba mlango wake. Baba na mwana waliweka mkono wa kulia kifuani, wakainamisha macho kidogo kwa heshima ya umri wake bila kurukuu, wakatikisa kichwa. Mwelekezi akasema maneno mawili kwa Kithai. Mzee akacheka, akauweka uzi pajani, akaendelea na aliyefuata. Basi. Jambo ambalo tulilihofia safari nzima lilichukua muda mfupi kuliko kuvua viatu.

Tulipita uwanja wenye sanamu za wafalme watatu, Mangrai na marafiki zake wawili wa Sukhothai na Phayao, kisha tukaelekea magharibi hadi Wat Phra Singh, hekalu lililoanzishwa mwaka 1345. Njiani binti alituuliza jambo ambalo tulikuwa tukilingojea. Shuleni amesoma habari za Rohingya, ambao mwaka 2017 zaidi ya laki saba walikimbia Myanmar kuingia Bangladesh, vijiji vyao vikichomwa. Je, wale waliowachoma si wa dini hii hii? Na Myanmar si hapo tu, nyuma ya milima?

Hatukumficha. Tulimwambia kwamba ndiyo, wengi wa waliofanya hayo hujiita Wabuddha, na wamo watawa waliochochea chuki hiyo hadharani. Dhulma ile ni dhulma, na Rohingya wana haki juu yetu ya dua na ya sadaka. Lakini tukamkumbusha jinsi anavyojisikia pale askari wa kizuizini anaposhusha watu wa mavazi yetu tu kutoka katika basi, kwa kosa la watu tusiowajua. Kijana huyu anayetuongoza hakumchoma mtu. Tukimhukumu kwa jina la dini yake, tutakuwa tumemkubalia yule askari hoja yake.

Wat Phra Singh tulikuta wavulana walionyolewa vichwa wakifagia ua, umri wa mwanetu. Mwelekezi alieleza kwamba wao hawali chochote baada ya adhuhuri, na kwamba huhifadhi nyiradi kwa Kipali, lugha ambayo si yao. Mwanetu, ambaye yuko juzuu ya tatu, alisema: "Hata wao wanahifadhi." Hatukutaka aondoke pale akidhani kwamba njia zote ni moja, hatuamini hivyo, wala wao hawakutuomba tuamini. Ila mtoto aliyedhani kwamba juhudi ni ya madrasa yake peke yake aliona kwamba wengine nao huamka alfajiri kwa ajili ya wanachokiamini. Asubuhi iliyofuata hakuhitaji kuamshwa mara mbili.

Basi tulikwenda kutafuta nini? Yaliyotufaa zaidi yanahusu kwetu. Watalii wakitoka Fort Jesus huingia Mji wa Kale, hupita Msikiti wa Mandhry ambao husemwa ni wa mwaka 1570, hupiga picha mnara, hupiga picha milango, na mara nyingine humpiga picha mama aliyeketi barazani kwake bila kumwuliza. Tumelalamikia hilo miaka mingi, na malalamiko ni ya kweli. Lakini Chiang Mai tumeona kwamba mgeni hujua mpaka pale mwenyeji anapomwonyesha. Kanuni zao zimeandikwa mlangoni. Shali ziko tayari. Na anayesimulia nyumba ni mwana wa nyumba, aliyeijua tangu utotoni, asiyeogopa swali wala asiyelipamba jibu. Kwetu, vijana waliohitimu madrasa, wanaojua Kiingereza na historia ya babu zao, wako vibarazani hawana kazi, na hadithi ya misikiti yetu husimuliwa na yeyote aliyewahi.

Tunapendekeza kwa kamati za misikiti mambo matatu, nayo si ghali. Liwepo bango la adabu kwa lugha kadhaa: mavazi, viatu, picha, na nyakati za swala ambapo mgeni atangoja nje. Ziwepo nguo safi za kusitiri, za kuazima. Na vijana wachache wafundishwe na mashekhe wetu jinsi ya kujibu maswali ya wageni kwa elimu na kwa utulivu, likiwemo lile la wanawake, likiwemo lile la ugaidi. Pale ambapo kamati itaona mgeni asiingie kabisa, na iwe hivyo, ila aambiwe kwa uso mkunjufu na aelezwe sababu.

Sisi tumeanza kwa leso nne na vikoi viwili, vimefuliwa na kukunjwa, tumevikabidhi kwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Atakayependa kuongeza anajua mlango.

Wabillahi ttawfiq.